Fundi Amechelewa, Mnunuzi Anasubiri: Somo kwa Anayetayarisha Nyumba ya Kuuza

Barabara ya Webuye kuelekea Kitale inapopita Misikhu, si ajabu kuona nyumba ambayo paa lake limefunguliwa nusu, matofali yamerundikwa uani, na kwenye lango pana kibao kinachosema kuwa nyumba hiyo inauzwa. Wiki zinapita na kibao kinafifia. Mnunuzi aliyekuja mara mbili haji tena. Jirani akiuliza kulikoni, jibu huwa moja: "Fundi."

Kuchelewa kwa ukarabati ni jambo la kawaida, na peke yake hakuharibu mauzo. Mauzo huharibika pale mwenye nyumba anapomwahidi mnunuzi tarehe ambayo yeye mwenyewe ameahidiwa kwa mdomo tu, kisha akanyamaza tarehe hiyo inapopita. Somo hili linaeleza jinsi ya kupanga ukarabati kabla ya kuuza, jinsi ya kumshughulikia fundi anayechelewa, na jinsi ya kulinda mauzo kazi inapokwama.

Mfano wa kufundishia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, ila yaliyomo hutokea mara nyingi.

Mwalimu mstaafu, mjane, ana nyumba ya vyumba vitatu kwenye robo ekari karibu na soko la Misikhu. Hatimiliki iko kwa jina lake. Anataka kuiuza na kununua kiwanja Kiminini, karibu na bintiye. Mnunuzi amepatikana: ni mfanyakazi anayetegemea mkopo wa benki. Bei ni shilingi 2,800,000. Tarehe 2 Machi wanatia sahihi mkataba wa siku 90, yaani mauzo yakamilike kufikia tarehe 31 Mei. Mnunuzi analipa arubuni ya asilimia 10, ambayo ni shilingi 280,000. Katika mkataba huo, mwalimu anakubali kubadilisha mabati yaliyooza, kutengeneza dari ya vyumba viwili, kupiga plasta ukuta wa nyuma, kukarabati sakafu ya jikoni na kupaka rangi nyumba nzima.

Fundi anasema kazi ya paa, dari na plasta ni wiki tatu. Ufundi wake ni shilingi 60,000, na anaomba 45,000 mapema "za kuanzia". Anapewa. Vifaa vinakadiriwa kugharimu shilingi 150,000, na mwalimu anatoa 120,000 katika arubuni ya mnunuzi ili kununua mabati na mbao. Sakafu na rangi, vifaa pamoja na ufundi, vimekadiriwa shilingi 52,000, na kazi hiyo itafuata baadaye.

Kufikia tarehe 13 Aprili, wiki sita baada ya mkataba, nusu ya paa bado iko wazi na imefunikwa kwa turubai. Mvua inanyesha kila alasiri. Fundi ana kazi nyingine Lugulu na anakuja siku mbili kwa wiki. Mthamini wa benki anatarajiwa tarehe 20 Aprili.

"Mwalimu, usijali, Ijumaa tunamaliza."

"Fundi, Ijumaa gani? Hii ya tatu sasa umenitajia."

Mambo yakibaki hivyo, benki inaweza kukataa kutoa mkopo, mnunuzi anaweza kudai arubuni yake, na mwalimu atatakiwa kurudisha shilingi 280,000 huku 120,000 zimeshageuka mabati na mbao. Kiwanja cha Kiminini nacho kitakuwa kimempita.

Kwa nini kazi huchelewa

Sababu za ucheleweshaji katika eneo hili zinajulikana, na nyingi zinaweza kutabirika.

Ya kwanza ni mvua. Mvua ndefu huanza Machi na kuzidi Aprili na Mei. Kufungua paa mwezi Aprili ni kualika maji ndani. Miezi yenye kiangazi cha kutegemewa ni Desemba hadi Februari.

Ya pili ni kalenda ya jamii. Mwezi Machi vibarua wengi huwa mashambani kupanda mahindi. Mwezi Agosti wa kila mwaka wa shufwa, kama 2024 na 2026, ni msimu wa tohara katika jamii ya Wabukusu. Familia nyingi hukarabati nyumba kabla ya sherehe, na mafundi huwa wachache. Desemba, wanaofanya kazi mijini hurudi nyumbani na kila mmoja anataka nyumba yake ipakwe rangi kabla ya Krismasi. Kukitokea msiba kijijini, kazi husimama hadi mazishi yaishe, na hilo ni jambo la utu ambalo ratiba lazima iliheshimu.

Ya tatu ni kasoro zilizofichika. Dari ikifunguliwa, mbao zilizoonekana nzima hukutwa zimeliwa na mchwa. Kazi ya siku tano inakuwa ya siku kumi na tano, na fedha za mbao hazikuwa kwenye hesabu.

Ya nne ni vifaa. Mabati ya rangi au unene fulani huenda yasipatikane Misikhu wala Webuye, yakalazimika kuagizwa kutoka mji mwingine. Anayesubiri fundi ampe orodha ya vifaa kipande kwa kipande hupoteza siku nyingi barabarani.

Ya tano ni fedha. Fundi aliyelipwa karibu yote mapema hana haraka ya kurudi. Upande wa pili, mwenye nyumba anayeishiwa na fedha katikati ya kazi hawezi kumlaumu fundi akienda kutafuta riziki kwingine.

Hatua ya 1: Kuzigawa kazi katika mafungu matatu

Kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba aizunguke nyumba yake na daftari mkononi, ikiwezekana siku ya mvua, kwa kuwa mvua huonyesha panapovuja. Kila kasoro iandikwe, kisha ziwekwe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kazi za lazima. Hizi zinahusu usalama au uzima wa nyumba: paa linalovuja, nyaya za umeme zilizo wazi, ukuta unaoinama, choo kinachotitia, maji yanayoingia kwenye msingi. Kasoro hizi humfukuza mnunuzi na humfanya mthamini ashushe thamani. Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli.

Fungu la pili ni kazi zinazoongeza mvuto: rangi, sakafu, dari iliyobadilika rangi, ua na lango. Hizi hufanywa iwapo muda na fedha vinatosha.

Fungu la tatu ni kazi za kumwachia mnunuzi. Makabati ya jikoni, vigae na aina ya milango hutegemea ladha ya mtu. Wauzaji wengi hutumia fedha hapa, kisha mnunuzi akaving'oa vyote.

Iwapo kazi inahusu kuongeza chumba au kubadili muundo wa nyumba, kibali cha kaunti huhitajika chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Ni vyema kuuliza ofisi ya mipango kabla ya kuanza, kwa sababu ujenzi unaosimamishwa kwa kukosa kibali huchelewa kuliko wowote.

Hatua ya 2: Kupanga kazi kwa mfuatano na kuongeza siku za akiba

Kazi za nyumba zina mpangilio wake: paa kwanza, kisha maji yanayotiririka kutoka paani na kuzunguka msingi, umeme na mabomba, dari na plasta, sakafu, na rangi mwisho. Anayepaka rangi kabla ya kuziba paa atapaka mara mbili.

Saruji nayo haiharakishwi. Plasta au sakafu mpya inahitaji kumwagiliwa maji kwa takriban siku 7 ili ishike vizuri. Rangi ya kawaida isipakwe juu ya plasta mpya kabla ya takriban wiki 4, la sivyo unyevu uliobaki ukutani huisukuma na kuibambua. Mbao mbichi za mkaratusi au mvinje zikipigiliwa kabla ya kukauka hupinda, na paa hupinda nazo.

Kwa hiyo, fundi akisema wiki tatu, mwenye nyumba aulize: je, hizo ni wiki za kufanya kazi tu, au pamoja na siku za kukauka? Kisha aongeze akiba. Katika kiangazi, kuongeza theluthi moja ya muda ni busara. Katika msimu wa mvua, kuuongeza muda maradufu si woga. Tarehe atakayopewa mnunuzi ihesabiwe baada ya kuongeza akiba hiyo.

Hatua ya 3: Kuandikiana na fundi

Makubaliano ya ukurasa mmoja yanatosha. Yaandikwe kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa, yawe na sahihi zao na za mashahidi wawili, na kila mmoja abaki na nakala. Yanapaswa kuonyesha:

1. Kazi yenyewe kwa vipimo. Badala ya "kutengeneza paa", iandikwe "kung'oa mabati 24 ya upande wa nyuma na kuezeka mapya, kubadilisha mbao zilizooza, kuweka mfereji wa maji".
2. Nani ananunua vifaa. Ni salama zaidi mwenye nyumba anunue mwenyewe na kutunza risiti, na fundi alipwe ufundi tu.
3. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza kila hatua, na siku ambazo fundi atakuwapo.
4. Malipo kwa hatua, kazi kwanza na fedha baadaye.
5. Kitakachofuata kazi ikichelewa: siku ngapi za kuvumiliana kwa sababu ya mvua au msiba, na baada ya hapo mwenye nyumba aweza kumwita fundi mwingine.
6. Namna ya kukubaliana kuhusu kazi ya ziada. Mchwa wakionekana, kazi isiendelee kabla ya bei na siku mpya kuandikwa.

Kwa ufundi wa shilingi 60,000, malipo yangeweza kupangwa hivi: 10,000 fundi anapofika na vyombo vyake na wasaidizi, 20,000 paa likishafungwa, 10,000 dari ikikamilika, 10,000 baada ya plasta, na 10,000 za mwisho baada ya mvua kunyesha na paa kuonekana halivuji. Mpango huu humlinda fundi pia, kwani anajua kila hatua ina fedha zake na hatazungushwa kazi ikiisha.

Malipo kwa M-Pesa ni bora kuliko ya mkononi kwa kuwa ujumbe wake hubaki kama ushahidi. Mwenye nyumba anayeishi mbali amteue mtu mmoja wa kusimamia, wala si watatu, na aombe picha za kazi kila jioni. Kwa kazi kubwa, mwanakandarasi anapaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mamlaka hiyo pia huwatambua mafundi wenye ujuzi.

Hatua ya 4: Stakabadhi ziende pamoja na ukarabati

Wauzaji wengi husubiri nyumba iishe ndipo waanze kushughulikia stakabadhi. Matokeo yake ni kuchelewa mara mbili. Wakati fundi yuko juu ya paa, mwenye nyumba anaweza kuwa anashughulikia haya:

Umiliki. Upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi huonyesha nyumba ni ya nani na kama ina deni au kizuizi. Hatimiliki ikiwa bado kwa jina la mzazi aliyefariki, mirathi lazima ikamilishwe kwanza, na hakuna rangi itakayoiuza nyumba hiyo kihalali. Katika hali hiyo ni afadhali ukarabati mkubwa usubiri mirathi.

Ridhaa ya mwenzi. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume na mke. Mazungumzo haya yafanyike kabla fundi hajaitwa.

Kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Misikhu ni ya kilimo, na uuzaji wake unahitaji kibali cha bodi. Ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ulipofanywa. Mkataba usiopata kibali kinachotakiwa hubatilika kisheria, na fedha zilizolipwa zinaweza kudaiwa kama deni. Miezi hiyo haisimami kwa sababu fundi amechelewa.

Ada za kaunti. Ploti iliyo sokoni au mjini huhitaji cheti cha kuonyesha kuwa haidaiwi ada za ardhi. Anayedaiwa alipe mapema.

Kodi na risiti. Tangu tarehe 1 Januari 2023, kodi ya faida ya mauzo ya mali, ambayo hulipwa na muuzaji, ni asilimia 15 ya faida. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuiuza huwa na msamaha. Kwa asiyepata msamaha, gharama halali za kuiboresha na kuitunza mali huzingatiwa katika kukokotoa faida, na hapo risiti ya mabati au saruji ina thamani yake. Risiti zote ziwekwe katika bahasha moja.

Arubuni. Fedha hizi ni salama zaidi zikishikwa na wakili hadi mauzo yakamilike. Zikitumika kukarabati nyumba, muuzaji hubaki hana njia ya kurudi nyuma. Anayekosa fedha za ukarabati ni afadhali apunguze orodha ya kazi, au akubaliane na mnunuzi kwa maandishi kwamba kiasi fulani kitumike kwa kazi fulani.

Hatua ya 5: Kazi ikichelewa, kuzungumza na fundi kwa hesabu

Hasira huondoka na fundi pamoja na vyombo vyake. Kinachofaa ni kukaa naye chini na kupima: kazi iliyofanyika ni kiasi gani, fedha zilizolipwa ni ngapi, kilichobaki kinahitaji siku ngapi na watu wangapi. Mara nyingine hugundulika kwamba kikwazo ni kidogo, kwa mfano anasubiri misumari, au msaidizi wake ameugua.

Baada ya hapo, tarehe mpya iandikwe na kutiwa sahihi. Ikipita nayo, mwenye nyumba ampe notisi ya maandishi yenye siku maalumu, hata kwa ujumbe wa simu. Kabla ya kumleta fundi mwingine, kazi ilivyo ipigwe picha na fundi wa pili aikadirie mbele ya shahidi, ili kusiwe na ubishi baadaye kuhusu nani alifanya nini.

Mgogoro ukibaki, mzee wa mtaa, yaani liguru, au chifu anaweza kuwapatanisha. Hilo lisipofaulu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya huduma. Mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Hata hivyo, mahakamani huangaliwa ushahidi, na ndiyo sababu ule ukurasa mmoja wa makubaliano una uzito.

Hatua ya 6: Kumwambia mnunuzi mapema

Hapa ndipo wengi hushindwa. Muuzaji huona haya, hazimi simu lakini hapokei. Mnunuzi naye huanza kudhani kwamba nyumba imeuziwa mtu mwingine.

Mnunuzi aambiwe mara tu inapoonekana tarehe haitafikiwa, na aambiwe na muuzaji mwenyewe kabla hajasikia kwa dalali. Aelezwe mambo matatu: kilichokwisha, kilichobaki, na mapendekezo. Mapendekezo huwa ya aina tatu. La kwanza ni kuongeza muda. La pili ni kuondoa baadhi ya kazi kwenye orodha na kupunguza bei. La tatu ni kuacha sehemu ya bei mikononi mwa wakili hadi kazi iliyobaki ikamilike.

Lolote litakalokubaliwa liandikwe kama nyongeza ya mkataba na kutiwa sahihi na pande zote mbele ya mashahidi. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Kenya, mkataba wa kuuza ardhi hauwezi kutekelezwa mahakamani kama haukuandikwa, kutiwa sahihi na kushuhudiwa. Makubaliano mapya ya mdomo juu ya mkataba ulioandikwa ni mlango wa ugomvi.

Mnunuzi anayetumia mkopo aombwe kuipasha benki habari, ili mthamini aje nyumba ikiwa imefunikwa. Mthamini huandika anachokiona siku hiyo, na hakadirii ahadi ya fundi.

Jambo moja lisifanywe: kuficha. Kupaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu ili mnunuzi asione ni kuhamisha ugomvi kutoka kabla ya mauzo hadi baada yake. Kasoro iliyotajwa wazi hupunguza bei mara moja. Iliyofichwa huweza kumfikisha muuzaji mahakamani.

Mfano ulivyomalizika

Mwalimu aliketi na daftari usiku wa tarehe 13 Aprili. Aliona kwamba hata plasta ikikamilika mwanzoni mwa Mei, ingehitaji takriban wiki 4 kabla ya rangi. Hiyo ni Juni, na mkataba unaisha tarehe 31 Mei. Rangi haikuwa na nafasi tena, hata fundi angelala kwenye eneo la kazi.

Asubuhi alimpigia mnunuzi simu na kumwalika aje aone nyumba ilivyo, turubai na yote. Walikubaliana, na wakili akaandika nyongeza ya mkataba: paa, dari na plasta vibaki kwa muuzaji na vikamilike kufikia tarehe 10 Mei, ilhali sakafu ya jikoni na rangi viondolewe, na bei ipungue kwa shilingi 60,000. Nyongeza hiyo pia ilieleza wazi kwamba shilingi 120,000 za arubuni zimetumika kwa vifaa vya paa, na zilizobaki 160,000 zipelekwe kwa wakili azishike. Mthamini aliombwa asogeze ziara yake.

Kisha alimwita fundi mbele ya liguru. Fundi wa pili alikuwa amekadiria kuwa kazi iliyofanyika ilistahili shilingi 20,000, ilhali fundi alikuwa amepokea 45,000. Hakutukanwa. Alionyeshwa hesabu, akakubali kuleta wasaidizi wawili kwa gharama yake. Zile 15,000 zilizobaki ziligawanywa: 8,000 paa na dari vikikamilika, na 7,000 plasta ikiisha na mvua ikipita bila kuvuja. Siku hizohizo mwalimu alipeleka ombi lake kwenye Bodi ya Kudhibiti Ardhi.

Paa lilifungwa tarehe 27 Aprili, dari na plasta zikakamilika tarehe 6 Mei. Mthamini alikuja nyumba ikiwa kavu, kuta hazijapakwa rangi. Mauzo yalikamilika ndani ya muda wake.

Hesabu ya mwisho ni hii: mwalimu alipunguza bei kwa shilingi 60,000 ili kuepuka kazi ambayo ingemgharimu 52,000. Alipoteza shilingi 8,000, na kwa fedha hizo alinusuru mauzo ya shilingi 2,740,000 na kiwanja cha Kiminini. Kama angenyamaza akingoja Ijumaa ya nne, angeweza kupoteza vyote viwili.

Maswali ya kujadili katika familia, chama au baraza

1. Katika nyumba inayotarajiwa kuuzwa, ni kasoro zipi za fungu la kwanza, na zipi zinaweza kuachiwa mnunuzi?
2. Mwalimu alifanya makosa gani kabla ya tarehe 13 Aprili? Lipi lilikuwa kubwa zaidi: kulipa ufundi mapema, kutumia arubuni, au kuanza kazi ya paa Machi?
3. Je, stakabadhi za nyumba hiyo ziko tayari leo, au nazo zinasubiri fundi amalize?
4. Ni nani anayepaswa kumpigia mnunuzi simu tarehe ikionekana haitafikiwa, na amwambie nini?

Wakazi wenye maswali kuhusu vibali vya ujenzi na ada za ardhi wanaweza kufika katika ofisi za kaunti zilizo karibu nao. Masuala ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi hushughulikiwa katika ofisi ya naibu kamishna wa kaunti katika kaunti ndogo, na ya hatimiliki katika ofisi ya usajili wa ardhi. Kuhusu mkataba wenyewe, ushauri wa wakili utafutwe kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa baada ya hapo kila neno lililoandikwa litahesabiwa.